Kuuliza Si Ujinga: Barua Zenu Kuhusu Ngoma za Burundi

Tangu tuchapishe picha ya wapigangoma wa Gishora, barua kuhusu Burundi zimemiminika. Wengi wanauliza jambo moja: mila zenye rangi na kishindo namna ile zilipitaje katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe zikatokea upande wa pili zikiwa hai? Wengine wana shida za papo kwa papo: gogo, ngozi, pombe ya wageni, njia ya kwenda. Tumechagua barua 9 na kuzifupisha. Majibu ni ya jopo letu la watu wa ngoma na mila.

Ndugu Mhariri, vita vya Burundi vilidumu zaidi ya miaka 10 na watu walikimbia na nguo walizovaa. Ngoma zilinusurikaje? Au hizi tunazoziona ni za kubuni upya kwa ajili ya watalii?
*Msomaji, Kibondo*

Si za kubuni upya, ndugu yetu. Ila kuzielewa inabidi urudi nyuma kabla ya vita.

Kwa muda mrefu ngoma ilikuwa mali ya mwami, yaani mfalme. Ilipigwa alipotawazwa na alipozikwa, na katika Umuganuro, sikukuu ya kufungua msimu wa kupanda mtama iliyofanyika mwezi Desemba. Ufalme ulipofutwa tarehe 28 Novemba 1966, ngoma ilipoteza mwenyewe, lakini walinzi wake walibaki: koo za *abatimbo*, yaani wapigangoma, waliokaa kwenye vilima vyenye mahali patakatifu pa ngoma, Gishora ikiwa maarufu kuliko pote. Huko baba alimfundisha mwana, na mtoto alianza kushika fimbo kabla hajafika kimo cha ngoma. Jamhuri ikaichukua ngoma kwa sherehe za taifa, kisha shule na vikundi vya mitaani vikafuata. Kwa hiyo Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993 na nchi ikawaka moto, ujuzi ulikuwa umeshatawanyika kwa watu wengi mno. Hapakuwa na nyumba moja ambayo ukiichoma, umeimaliza ngoma.

Ngoma yenyewe haikimbiki nayo. Mtu anayevuka mpaka usiku na mtoto mgongoni haachi kitanda chake abebe gogo. Kilichovuka kwenda Kigoma na Kagera ni mpangilio: nani aanze, nani ashike mapigo, nani amwitikie nani, maneno gani yatamkwe kabla ya kuruka. Mpangilio ukiwapo, chombo kitatafutwa.

Vita viliua watu wanaokadiriwa kufika 300,000. Mazungumzo yaliyoongozwa na Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake mwaka 1999 yakaongozwa na Nelson Mandela, yalizaa Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000. Uchaguzi wa kufunga kipindi cha mpito ukafanyika mwaka 2005. Mwaka 2014 UNESCO iliandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwaka uliofuata ghasia za kisiasa ziliwatimua watu tena, wakajaa kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli hapa Tanzania, na vijana wapigangoma wakiwamo. Leo ngoma ya Burundi inapigwa Kigali, Dzaleka kule Malawi, na miji kadhaa ya Ulaya na Canada.

Tusiipambe lakini. Ngoma haikuwapatanisha Warundi. Walikaa mezani wakabishana miaka. Ilichofanya ni kuwapa kitu ambacho Mhutu, Mtutsi na Mtwa hawabishani kuwa ni chao.

Nina miringaringa ya miaka mingi shambani, imo kwenye kahawa. Nasikia Warundi huchongea ngoma mti huohuo. Je, ni kweli? Naomba hatua za uchongaji.
*Mkulima, Moshi Vijijini*

Ni kweli kabisa. Mringaringa (*Cordia africana*) kwa Kirundi ni *umuvugangoma*, na jina limekwisha kujieleza. Unapendwa kwa sababu mbao yake ni nyepesi kwa ukubwa wake, hailiwi upesi na wadudu, na patasi inaingia bila ugomvi. Kabla ya shoka, pata kibali: hata mti wa shambani mwako una taratibu zake za serikali ya kijiji na Wakala wa Huduma za Misitu.

Gogo. Chagua shina lililonyooka, lisilo na vifundo, lenye kipenyo cha sentimita 60 au zaidi. Kata urefu wa mita 1 na ziada ya sentimita 10, kwa kuwa ncha zote mbili zitapasuka kidogo na utazipunguza. Kata wakati wa kiangazi. Siku hiyohiyo paka ncha zote matope mazito, nta au rangi kuukuu. Ncha hutoa maji upesi kuliko ubavu. Zikikauka peke yake, ufa unaanza kwenye kiini na kukimbia hadi ubavuni, na ngoma yenye ufa wa ubavu haitibiki.

Kutoboa. Usingoje gogo likauke. Likiwa bichi, kwangua tumbo ukiacha ukuta wa sentimita 5, kisha liweke kivulini, mbali na upepo mkali, miezi 2 hadi 3. Mbao ikitulia ndipo umalizie ukuta hadi sentimita 2.5 au 3. Wanaoharakisha wakamaliza ukuta mwembamba siku ya kwanza hupata mdomo wenye umbo la yai, na ngozi haikai sawa kwenye mdomo kama huo. Umbo la nje ni pana juu na jembamba kuelekea mguuni. Mdomo uviringe kwa tupa na msasa. Ukingo mkali utaikata ngozi kama kisu mnamo miezi michache.

Ngozi. Tumia ya ng'ombe mkubwa, isiyo na alama za chapa wala mikwaruzo ya kisu cha mchinjaji. Loweka kwenye maji baridi saa 24 hadi 48. Usitie chokaa kama wafanyavyo watengenezaji wa viatu: chokaa hulainisha ngozi ikapoteza ukakamavu wake. Ukipitisha siku 3 majini, hasa kwenye joto, ngozi inaanza kuoza na utajua kwa harufu na kwa manyoya yanayong'oka yenyewe. Kata duara lenye kipenyo cha mdomo na ziada ya sentimita 15 hadi 20 kila upande. Mstari wa uti wa mgongo wa ng'ombe upite katikati ya duara. Ukiuweka pembeni, upande mmoja utakuwa mnene na ngoma itatoa sauti mbili zinazogombana. Manyoya ya sehemu inayopigwa yanyolewe; ya pembeni huachwa mara nyingi, na ndiyo yanayoipa ngoma ya Burundi ule ukosi wake.

Vigingi. Chonga vya mti mgumu. Toboa matundu sentimita 8 hadi 10 chini ya mdomo, yakielekea chini kidogo, ili mvuto wa ngozi uvikaze badala ya kuving'oa. Gonga kwa kupishana pande zinazotazamana, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari. Fundi anayezunguka upande mmoja hadi mwisho huvuta ngozi yote upande wa kwanza.

Kukausha. Siku 3 hadi 5 kivulini, kisha jua la asubuhi. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Ngozi mbichi ikianikwa jua la saa 6 mchana hujikunja ukingoni kabla katikati haijakauka, nayo hupasuka kwenye matundu ya vigingi.

Jambo la pembeni ambalo fundi anapaswa kulijua: sehemu za ngoma zina majina ya mama. Ngozi ni *icahi*, ile ya kumlalishia mtoto. Pambizo ya juu ni *urugori*, taji la uzazi. Vigingi ni *amabere*, matiti. Katikati ni *inda*, tumbo. Na chini ni *umukondo*, kitovu. Fundi wa Burundi akikwambia "tumbo limekaa vibaya," hazungumzii afya yake.

Na panda mwingine. Mbegu ya mringaringa imefunikwa na utomvu unaonata. Ioshe, ianike kivulini, na usikate tamaa kitalu kikikaa wiki 6 hadi 8 bila kuota. Shina la kutosha ngoma linahitaji miaka 20 na zaidi, kwa hiyo unampandia mjukuu.

Shule yetu imenunua djembe 7 za Afrika Magharibi. Je, tunaweza kupiga mtindo wa Burundi?
*Mwalimu, Nairobi*

Hapana, mwalimu. Djembe hupigwa kwa viganja na ngozi yake ni ya mbuzi. Ukiipiga kwa fimbo za mti mgumu utaichana wiki ya kwanza. Zipigeni djembe kama djembe. Kwa mazoezi ya mtindo wa Burundi, pipa la plastiki la lita 100 lililopinduliwa litawafundisha mikono bila kuharibu kitu.

Tuna kikundi cha vijana 9, ngoma tunazo. Tunapiga kwa nguvu lakini wazee wa Kirundi hapa wanasema tunapiga kelele. Tunakosea wapi?
*Kikundi cha vijana, Kasulu*

Wazee wenu hawawaonei. Mnachokosa huenda ni mgawanyo wa kazi, kwa sababu ngoma za Burundi ni za aina tatu kwa kazi yake, hata zikifanana kwa sura.

*Inkiranya* ni moja tu, ya katikati. Huyu ndiye anayetoa amri: anaanzisha, anabadilisha, anafunga. *Amashakwe* hushika mapigo yasiyokatika, mwanzo hadi mwisho. *Ibishikizo* humfuata inkiranya na kurudia anachosema. Ngoma hupangwa nusu duara, inkiranya ikiwa mbele ya wote, na idadi yake huwa witiri daima. Kikundi kamili kina dazeni na ushee, lakini 9 zinatosha: mweke 1 kwenye inkiranya, 3 kwenye amashakwe, 5 kwenye ibishikizo. Mkipunguza amashakwe wakabaki 2, mmoja akichoka mkono msingi wote unayumba.

Sasa makosa, kuanzia lile kubwa. Amashakwe wanamtazama mchezaji. Kijana anapotoka mstarini kwenda kurukia mbele ya inkiranya, watu wanashangilia, damu inachemka, na amashakwe wanaongeza mwendo bila kujijua. Mchezaji naye anaongeza kuwafuata, na dakika 3 baadaye wote wanapumua kama waliotoka mbioni. Wapangeni amashakwe upande mmoja, waitazame mikono ya inkiranya, si miguu ya mchezaji. Wafanyeni mazoezi peke yao dakika 20 mfululizo bila wengine. Inachosha akili, lakini kikundi kinasimama hapo.

La pili, ibishikizo kudakia. Inkiranya hajamaliza sentensi yake, nao wameshaanza kuitikia. Dawa yake ni mdomo: kwanza imbeni mwito na kiitikio kwa sauti, mikono mitupu, hadi kila mtu ajue mwito unaishia wapi.

La tatu ni fimbo, *imirisho*. Kila mpigaji ana mbili, urefu wa kuanzia kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole unafaa kijana, za mti mgumu uliokauka. Fimbo za mti mwepesi humlazimisha mpigaji kutumia bega, na bega huchoka upesi. Nzito hurudi juu zenyewe, kifundo cha mkono kikaongoza tu. Msipige kwa kulaza fimbo. Ncha ndiyo igonge, sentimita chache kutoka katikati ya ngozi. Mapigo ya ukingoni, juu ya mbao, yaachwe kwa alama maalumu.

La nne, kuingia. Kikundi huingia ngoma zikiwa vichwani juu ya kata, huku zinapigwa na wimbo unaimbwa. Msijaribu hilo hadharani kabla ya kulifanyia mazoezi na ngoma tupu za mapipa. Shingo ya kijana wa miaka 14 si ya kubebeshwa gogo la mtu mzima.

Na msiyaruke maneno. Kati ya mapigo kuna majigambo ya kishujaa na nyimbo, na hapo ndipo ujumbe hupitishwa: kumsifu mwenyeji, kuwaonya wagomvi, kumkumbuka aliyekufa. Vikundi vilivyojifunzia kwenye video hufuta sehemu hii kwa sababu kamera nyingi huikata. Kaeni na wazee hao hao wanaowalalamikia. Wao ndio wanayo.

Mimi ni msichana, napenda kupiga. Nimeambiwa Burundi mwanamke haruhusiwi kugusa ngoma. Ni mila au ni sheria?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Dada, ni vyote viwili, ila havina umri mmoja. Mila iliiweka ngoma mikononi mwa wanaume wa koo fulani. Wanawake waliimba, walicheza na kupiga vigelegele. Baadaye vikundi vya wasichana vilianza kupiga, nchini na ughaibuni. Kisha Oktoba 2017 likatoka agizo la rais: wanawake wasipige ngoma, isipokuwa wacheze ngoma zao za kike pembeni, vikundi viandikishwe wizara inayohusika na utamaduni, na maonyesho nje ya sherehe rasmi yaombewe kibali na kulipiwa faranga za Burundi 500,000. Ukialika kikundi au ukitaka kupiga ndani ya Burundi, anzia wizarani kwa sababu viwango na taratibu hubadilishwa.

Nje ya mipaka agizo hilo halina nguvu, na kati ya vikundi vya wakimbizi waliokwenda Kigali wamo wanawake wanaopiga. Maoni ya jopo: chombo ambacho sehemu zake zimepewa majina ya mama, kumkataza mama kukigusa ni hoja ngumu kuitetea. Wazee wa koo za abatimbo wana hoja yao nao, kwamba si wanaume wote walioruhusiwa zamani, walikuwa wao tu. Kwa hiyo ukienda kujifunza kwao, omba ruhusa kama ambavyo kijana wa ukoo mwingine angeomba.

Tutapokea wakwe Warundi. Tunataka kuwapa urwarwa, pombe yao ya ndizi, walau wajisikie nyumbani. Unatengenezwaje?
*Familia, Muleba*

Hongereni. Ninyi watu wa Kagera mna rubisi, na urwarwa ni ndugu yake wa tumbo moja. Tofauti ndogo ndogo ziko kwenye aina ya ndizi na maji.

Chukueni ndizi za pombe, si za kupika. Zivundikeni shimoni juu ya majani makavu ya mgomba yaliyotiwa moto kidogo, zifunikwe siku 4 hadi 6. Ziwe za njano kabisa na laini. Zilizoiva nusu zina ukakasi ambao hautoki hata mfanye nini, na hutoa maji kidogo. Menyeni. Kilo 20 za ndizi zilizomenywa zikandwe pamoja na nyasi safi ngumu, mkivuruga hadi majimaji yajitenge. Nyasi zina kazi: zinashika nyama ya ndizi ili maji yapite. Msitie maji mapema. Mkiyatia kabla juisi haijatoka mwishowe mna uji. Juisi ya kwanza ikitoka ndipo mwagieni lita 3 za maji safi, kandeni tena, chujeni.

Mtama mwekundu ukaangwe hadi unukie, usagwe kwa chenga kubwa. Pimo zuri ni kilo 1 kwa kila lita 12 za juisi. Koroga, funika kwa majani ya mgomba, weka mahali pa joto. Baada ya saa 24 unachemka kwa mapovu. Kati ya saa 36 na 48 uko tayari. Ukifika siku ya 4 unaelekea kuwa siki. Chombo kilichokuwa na maziwa au mafuta kisitumike hata kikioshwa mara ngapi.

Kumbukeni urwarwa usiotiwa maji, *insongo*, una nguvu zaidi. Huo wapewe wazee. Na namna ya kunywa: chungu kimoja, mirija mingi. Mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, kuonyesha hakuna sumu. Baada ya miaka ambayo jirani alimwogopa jirani, kunywa chungu kimoja si adabu tu. Mirija ya mianzi au nyasi iwe mipya, kila mtu na wake. Mgeni akipendelea bilauri mpeni bilauri, hakuna aibu.

Wazazi wangu walikuja mwaka 1972, mimi ni Mtanzania wa Ulyankulu. Nataka kuiona Gishora. Napitaje?
*Msomaji, Tabora*

Gishora iko kilomita 7 hivi kutoka mji wa Gitega, ambao ni makao makuu ya kisiasa tangu mwaka 2019. Njia mbili zinakufaa. Kupitia Kigoma: basi hadi Manyovu, vuka Mugina, uingie Makamba, kisha panda kuelekea Gitega. Kupitia Ngara: Kabanga hadi Kobero, kisha Muyinga hadi Gitega; barabara hii ina malori mengi, toka mapema. Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, kwa hiyo Mtanzania haombi viza. Chukua pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kama uko miongoni mwa waliopewa uraia, jina kwenye pasipoti lilingane na la kitambulisho.

Gishora ina historia yake: inahusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, aliyeiweka baada ya kumshinda chifu muasi Ntibirangwa. Utaona nyumba za nyasi za umbo la kuba na ngoma mbili za heshima, Ruciteme na Murimirwa. Hizo mbili hazipigwi kwa ajili ya mgeni, usiombe. Zinazopigwa ni nyingine, na kupiga hulipiwa na anayealika. Mkiwa kundi la watu 10 mnagawana gharama. Ukiwa peke yako subiri kundi lifike. Beba faranga taslimu, patana kabla ngoma ya kwanza haijalia, na usipige picha za askari wala vizuizi njiani.

Mushingantahe ni nani? Ni chifu?
*Msomaji, Mwanza*

Si chifu. Ni mtu mzima wa mlimani anayeaminiwa kuamua ugomvi: mipaka ya shamba, ng'ombe, ndoa. Harithi cheo. Hutazamwa miaka, hupewa wa kumsimamia, kisha hutawazwa mbele ya watu kwa kiapo na karamu ya pombe, akakabidhiwa fimbo, *intahe*. Anapotaka kusema au kuamua, huigonga chini. Wakoloni, kisha vyama, waliidhoofisha taasisi hii kwa kujiteulia watu wao, na vita vikaimaliza nguvu sehemu nyingi. Lakini wapo Abashingantahe waliowaficha majirani wa kabila jingine majumbani mwao. Wakimbizi waliporudi wakakuta mashamba yana watu, ushahidi wa wazee hawa kuhusu mpaka wa zamani ulikuwa na uzito ambao karatasi hazikuwa nao.

Kikundi chetu kililetewa ngoma 3 kutoka Gitega. Kiangazi zililia vizuri, baridi ilipoanza ngozi 2 zilipasuka bila kupigwa. Kuna mkono wa mtu?
*Kikundi cha Warundi, Ottawa*

Hakuna mkono wa mtu, kuna mashine ya kupasha joto. Ndani ya nyumba zenu majira ya baridi hewa hukauka kuliko kiangazi cha Gitega. Ngozi inajivuta hadi inashindwa, hasa kwenye vigingi. Zitoeni karibu na vipasha joto na madirisha. Nunueni kipima unyevu cha bei ndogo. Mkilenga asilimia 40 hadi 60 ngozi itatulia. Chumba kikishuka chini ya hapo, wekeni chombo cha maji au mashine ya kuongeza unyevu, na funikeni ngoma kwa blanketi zito.

Kinyume chake, siku za unyevu ngozi ikilegea, ipasheni jua au joto la mbali dakika 15 hadi 20 mkigeuza ngoma. Msipake mafuta ya kula: yanavuta panya na kuilegeza ngozi moja kwa moja. Ngozi iliyopasuka haishonwi. Ng'oeni vigingi kwa kuvigonga kutoka chini, vitieni namba ili kila kimoja kirudi tundu lake, na mvishe ngozi mpya kama tulivyomweleza mkulima wa Moshi. Ngozi ya ng'ombe inunuliwe hukohuko Canada. Ngozi mbichi ya kutoka nje inaweza kuzuiwa forodhani. Mkiagiza ngoma nyingine, omba mbao tupu isiyo na ngozi. Ni nyepesi kusafirisha, na ufa wowote mtauona kabla ya kulipa salio.